Chombo cha Tano

Habari ya kanda ilifika Kibokoni Jumamosi alasiri, na aliyeileta ni Ronny, yule wa duka la kaseti, ambaye barazani hawamwiti ila Stirio. Ronny akikuletea habari hukuletea na kelele zake. Alikuja na redio kaseti begani, akaitua katikati ya baraza bila ya kuuliza, vikombe vikasukumwa pembeni, na Chonga, mwenye kahawa yake, akamwangalia kama anavyomwangalia paka aliyepanda juu ya sinia ya kashata.

"Imefika," Ronny akasema. "Mombasa imo ndani ya albamu."

Ikabidi aeleze. Mapema mwaka huo huo wa tisini na sita walikuja wapiga jazi wanne, mmoja na saksafoni, mmoja na piano, mmoja na ngoma, na mmoja amekumbatia fidla kubwa kumshinda yeye mwenyewe. Walipiga Jumapili moja mchana katika ukumbi wa kule Mbaraki, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili kunguru wasiingie katika muziki, na ndani giza tupu. Kumbe vile vipaza sauti vilivyoning'inia darini vilikuwa vinarekodi kila kitu. Sasa kanda imetoka, imekwenda Ulaya na kurudi, na juu ya gamba lake Mombasa imeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Kiti alikuwa ndio kwanza anapuliza kikombe chake. Kahawa ikamshuka vibaya, akakohoa mpaka machozi.

Kiti ni karani wa chumba cha barafu kule Liwatoni, Mgiriama wa Kaloleni, mtu mzima mwenye mke na mtoto, na hapa barazani jina lake ni Honi. Hakupewa kwa ubaya. Mungu alipokuwa akigawa sauti alimpa yake na ya nduguze: akicheka Kibokoni, wa Makadara hugeuka kutazama. Siku hiyo alitamani angezaliwa bubu, na sababu aliijua peke yake. Jumapili ile ya muziki alikuwemo ukumbini, hali alimuaga mkewe Dama kwamba anakwenda Mazeras kwa mkwe.

Chonga alitaka kwanza ajue ni jazi gani hiyo isiyo na gitaa. Jazi aliyokulia yeye ina magitaa matatu, ina mwimbaji, na watu wanacheza mpaka viatu vinaisha. Ronny akamwambia hiyo ni nyingine, hii ni ya kukaa na kusikiza, na tena si ya kufungiwa studio. Ni mbele za watu, unasikia kila kitu, mtu akikohoa yumo, mlango ukilia umo.

"Basi hiyo si albamu," Chonga akasema. "Huo ni wali una chuya, na weye watuuzia na chuya zake."

Nicodemus akainua kidole. Huyu ni karani wa reli, mtu wa bara aliyeota mizizi kisiwani, na wamempa jina la Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi katika kesi ya baiskeli iliyoibwa, na tangu siku hiyo hazungumzi, anatoa hoja. Akasema kanda isihukumiwe kabla ya kusikizwa. Ronny akabonyeza.

Ikaanza vizuri tu. Fidla ikatembea, piano ikaifuata, kisha vyote vikanyamaza ikabaki saksafoni peke yake, inalalamika chini chini kama mtu anayesema na nafsi yake. Hata Chonga akaacha kugonga vikombe. Na hapo, katikati ya ule utulivu, sauti ya mwanamume ikapasua ukumbi:

"Haya, wambie!"

Na nyuma yake kicheko, kirefu, cha ngazi tatu.

Baraza zima likamgeukia Honi.

Sasa hapa mtu asimlaumu. Taarabuni mwimbaji akigusa penye kidonda, msikizaji haketi kama gogo, humwambia awaambie. Kiti alikwenda akidhani anakwenda kusikia magitaa, akakosa gitaa, akakosa na mwimbaji, lakini ile saksafoni ilipoanza kunung'unika aliona yasemwa yote ambayo yeye amekuwa akitaka kumwambia bosi wake wa chumba cha barafu na hana ubavu. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mwanitazama nini?" Kiti akauliza.

"Bwana Kiti," akasema Nicodemus, "sauti hiyo waifahamu?"

"Siifahamu."

"Umewahi kuisikia?"

"Ndio kwanza leo."

"Na kicheko?"

"Wanaocheka ni wengi duniani, Wakili."

Nicodemus akaitikia kwa kichwa kama jaji anayeandika. Ronny naye akachomoa karatasi ya ndani ya gamba la kanda, ya Kiingereza, akampa Nicodemus asome. Palikuwa na maneno ya mwandishi mmoja wa huko kwao, bingwa wa mambo ya muziki, na Nicodemus akayafasiri pole pole, kila neno akilipa heshima yake. Kwamba wapigaji ni wanne lakini upande wa kwanza una vyombo vitano. Kwamba chombo cha tano ni sauti ya mtu asiyejulikana, nayo yaingia mahali pake barabara, hata saksafoni ikageuza mwendo ikamjibu. Kwamba mtu huyo, yeyote awaye, ameuelewa muziki kuliko walioupiga.

Kiti akahisi joto linampanda kutoka miguuni. Akatengeneza ukosi wa shati. Akaomba sehemu ile isomwe tena, ati hakusikia vizuri kwa ajili ya mkokoteni uliopita, na mkokoteni haukupita.

"Pole yake aliyelisema neno lile," akasema Chonga, "maana hatapata hata shukrani."

"Ataikosaje na ameshaipata?" Ronny akajibu. "Mwenyewe amejitokeza. Musyoka, yule dalali wa samaki, asema ni yeye. Kule Liwatoni tangu asubuhi halipi chai."

Hilo Kiti hakuweza kulimeza. Uongo wa Mazeras angeubeba mpaka kaburini. Hofu ya mke angeiweza, ameizoea. Lakini Musyoka, ambaye akiita mnada watu wa mbele wamuuliza amesemaje, Musyoka anywe chai kwa koo ya mwingine? Kiti akasimama barazani, akaweka kikombe chini.

"Musyoka hana pumzi hiyo. Neno lile halitoki puani kama yake. Latoka hapa," akajipiga tumboni. "Haya, wambie!"

Madirisha mawili yakafunguliwa ghorofani. Punda wa mkokoteni aliyekuwa hayupo mwanzo alikuwa amefika sasa, akasimama njiani akagoma kwenda.

"Sina swali zaidi," akasema Nicodemus.

Ikawa hapana budi, akawaeleza. Jumapili ile Dama alimpa chupa ya dawa ya kikohozi ampelekee mamake Mazeras, maana mama alituma salamu kwamba kifua chamsumbua na asingependa kujaziwa watu nyumbani. Kiti alitoka na chupa mfukoni, kwa nia safi kabisa, mpaka alipopita Mbaraki akaliona tangazo limeandikwa Jazi. Chupa akampa Chonga kesho yake, na Chonga akakiri hapo hapo kwamba kweli, kifua chake kilipona, na chupa yenyewe anayo mpaka leo anatilia tangawizi. Akainyanyua kutoka kwenye sinia wakaiona, shingo yake ingali imefungwa kitambaa cha leso cha Dama.

Ajabu ni kilichofuata. Dama alipokwenda Mazeras akamuuliza mamake kama dawa imemfaa. Kiti aliyasikia majibu yake nyumbani huku tonge la ugali limesimama kooni: mama amesema imemfaa sana, na mumeo ana moyo, Mungu amuweke. Yaani mkwe amemstiri. Mkwe amejua kwamba dawa haikufika, akamuona anazama, akampa mkono. Tangu hapo Kiti hana la kumlipa. Kila mwisho wa juma hupeleka samaki Mazeras, changu wazuri, tafi, siku nyingine nguru, akawaacha mlangoni akageuka, maana kwao mkwe hasemeshwi ovyo, haitwi jina, hashikwi mkono, na ukikutana naye njiani wampisha. Kula naye meza moja ni makosa. Kucheza naye ngoma moja, hilo halina jina, lina mbuzi wa kulipwa kwa wazee. Na mkwe naye kila wiki hurudisha kikapu kimejaa korosho, mihogo, siku nyingine kuku mzima.

"Na mimi mke wangu Truphosa aniimbia wimbo huo kila siku," Nicodemus akasema kwa uchungu. "Mtazame Kiti na mkwewe. Kumbe mwenzangu alikuwa amekwenda dansini."

Kiti akawaomba kitu kimoja. Kanda isifike nyumbani kwake. Dama akiisikia ile sauti mara moja tu hahitaji mwandishi wa Ulaya kumfasiria, na atamjua mume muongo, na atamjua mama aliyemsaidia uongo. Ronny akaapa kwamba kanda hii haitavuka Makadara, huku akiigeuza upande wa pili, kwa sababu hajawahi kuzima muziki nusu.

Upande wa pili ulikuwa wa ngoma nyepesi nyepesi. Sauti ya Kiti ikaja tena, "Haya, wambie!", naye safari hii akatabasamu waziwazi. Na kabla tabasamu halijakaa, kutoka upande mwingine wa ukumbi, sauti ya mwanamke ikamjibu. Kigelegele. Kilipanda, kikakatika mara tatu, kisha kikakunja kona kikamalizia juu.

Tabasamu likamganda usoni.

Kigelegele kile hakifanani na cha mtu. Alikisikia siku ya harusi yake mwenyewe, na wazee wa Kaloleni walisema hicho ndicho kilichofanya watu wa Mazeras waitwe watu. Kanda ikaendelea. Yeye akisema wambie, kigelegele chajibu. Kigelegele kikitangulia, yeye acheka. Wakaenda hivyo upande mzima, gizani, wanapokezana.

"Chombo cha sita," Nicodemus akanong'ona, akifuata kwenye karatasi. "Imeandikwa hapa, penye upande wa pili. Asema wawili hawa lazima wajuana muda mrefu."

"Huyo ni mkwe," Kiti akasema.

Hapo ndipo hesabu zote zilipomjia. Mkwe hakumstiri. Mkwe hakuwako Mazeras hata kidogo. Hakuwa na kifua wala kikohozi; alitaka tu asije mtu nyumbani Jumapili ile, naye akapanda basi akaja zake Mbaraki. Dama alipomuuliza habari za dawa, mama akafahamu kwamba Kiti alifika, akakuta mlango umefungwa, na akanyamaza kwa heshima. Akaona amestiriwa. Kwa hiyo zile korosho zilikuwa shukrani, kama wale samaki walivyokuwa shukrani, na kila mmoja amshukuru mwenzake kwa wema ambao hakuna aliyeutenda. Na kwa kuwa mtu na mkwewe hawakai wakazungumza, wangeshukuriana mpaka kiama.

Chonga alianza kucheka akashindwa kuacha, ikabidi ashikilie dele la kahawa kwa mikono miwili. Hakumaliza. Dama alikuwa ametokea pembeni mwa mtaa, kikapu mkononi, anatoka Marikiti.

"Hamjambo nyote," akasema.

"Hatujambo, shemeji," wakajibu kwa pamoja, kama wanafunzi waliokutwa juu ya mti wa watu.

Chonga akaokota vikombe akaanza kuvigonga kwa nguvu zake zote, akidhani atauzima muziki. Lakini kigelegele kile kimezaliwa kishinde ngoma. Vikombe vitakiweza wapi? Kikapita juu ya vikombe, juu ya baraza, kikamfikia Dama pale aliposimama. Akaweka kikapu chini.

"Ronny, rudisha nyuma."

Ronny akarudisha. Dama akasikiza mpaka ile kona ya mwisho, na macho yake yakawa mengine.

"Huyo ni mama." Akaisogelea redio. "Tangu baba afe mama hajapiga kigelegele. Nilipojifungua Elvis nilimuomba, akasema kimekufa. Hii imerekodiwa lini?"

Nicodemus akaanza kusema kwamba ushahidi wa sauti, kwa kawaida, shemeji, huwa una utata.

"Nimeuliza lini."

Ronny akamuonyesha tarehe kwenye gamba. Dama akaitazama, kisha akamtazama mumewe. "Jumapili hiyo mama alikuwa hoi kwa kifua. Na wewe ulikuwa kwake wampa dawa, Baba Elvis."

Kiti alikuwa na milango miwili na yote ina nyoka. Akisema hakufika Mazeras, ni yeye muongo, sawa, atalala sebuleni. Lakini amemtoa mkwe naye uchi, mjane mtu mzima, aliyemficha mtoto wake akaja peke yake kukaa gizani asikize ngoma. Akisema alikuwa naye, basi amekiri mbele ya watu kwamba ameingia dansini na mamake mkewe. Akaitazama redio. Akawakumbuka wale kuku. Kweli walikuwa wa bure, lakini aliwala na walikuwa watamu, na samaki wale naye alikuwa akiwachagua mmoja mmoja.

"Nilimpelekea dawa," akasema. Ile sauti yake kubwa haikuwako. Ilibidi wainamishe vichwa kumsikia. "Nikamkuta kifua kimembana kwelikweli. Nikaona hicho si cha chupa, ni cha ukiwa. Nikamwambia, Mama, twende. Nimemleta mimi."

"Umemleta wewe."

"Mimi."

"Ukumbi mmoja, wewe na mkweo."

"Ukumbi mmoja."

"Na huyo asemaye wambie?"

"Ni mimi, Mama Elvis. Musyoka ni muongo."

Hakuna aliyekunywa. Macho ya Dama yakashuka kwenye sinia ya Chonga, yakapita kashata, yakapita vikombe, yakafika kwenye ile chupa ya tangawizi iliyofungwa kitambaa cha leso yake mwenyewe, yakakaa hapo muda mrefu. Chonga alitamani ardhi ifunguke imeze chupa, na yeye ikipenda.

"Chonga," akasema Dama, "kifua chako chaendeleaje?"

"Kimepoa, shemeji. Alhamdulillahi."

"Nimefurahi." Akainua kikapu chake, na wote wakaona kwamba midomo yake yazuia kitu, na hakuna aliyejua ni kilio au ni kicheko. Akamgeukia Kiti. "Umesema umemleta, basi umemleta. Mbuzi ni wako. Jumamosi ijayo tunakwenda kwa wazee Mazeras, ukaondoe haya. Ronny, hiyo kanda naichukua."

Akaichomoa mwenyewe ikiwa ndani ya redio, akaenda zake.

Wiki nzima barazani lilikuwa neno hilo hilo. Chonga alisema Kiti mjinga, angesema ukweli angeokoa mbuzi. Nicodemus alisema la, mtu huyu ametetea bila ya kulipwa, na hilo hata mahakamani ni nadra. Truphosa kumbe naye alishapata habari, maana Nicodemus alifika Jumanne na samaki mkononi, amefungwa katika gazeti, ati ni wa mkwewe wa bara, na hakuna aliyethubutu kumuuliza atafikaje.

Jumatatu baada ya ile safari ya Mazeras, Kiti akaja barazani, akaketi, akaomba kahawa kwa sauti ya mtu aliyetoka hospitali. Wakamuacha anywe. Kisha Nicodemus akamuuliza, kwa upole, shauri limekwishaje.

Limekwisha vizuri, akasema. Wazee walimpokea mbuzi, wakamkagua meno, wakasema ni mbuzi wa mtu mwenye adabu. Yeye alisimamishwa kule bandani, mkwe akasimama mlangoni pake amejifunika leso usoni, hawatazamani, kama inavyotakiwa. Dama katikati. Mzee mmoja akasema haya imeondoka, sasa mama apokee mbuzi wake kwa furaha, na Dama akamwambia mamake, pole pole, lakini Kiti alisikia, kwamba furaha ile ya kwenye kanda ndiyo anayoitaka.

"Akapiga?" Chonga akauliza.

"Akapiga. Kikapanda, kikakatika mara tatu." Kiti akashusha kikombe. "Nyie, hamjakisikia kwa masikio yenu. Kwenye kanda ni nusu tu. Kilipofika kwenye ile kona mimi sikujua niko wapi tena."

Nicodemus alikuwa ameshafahamu. Akaweka mkono machoni.

"Bwana Kiti. Usiniambie ulisema wambie."

"Lilinitoka lenyewe, Wakili. Mbuzi yule akakata kamba akakimbia."

"Na mkwe?"

"Alicheka mpaka leso ikaanguka. Dama naye akakaa chini kabisa, amejishika mbavu." Akawatazama mmoja mmoja. "Lakini wazee hawakucheka. Wazee wamesema mbuzi wa kwanza ni wa kucheza na mkwe bila ya kujulikana. Wa pili ni wa kucheza naye mbele yao."

Chonga akammiminia kikombe cha pili na hakutaka malipo, akasema leo mwenye chombo cha tano anywe kwa koo yake mwenyewe. Mbuzi wa pili anapelekwa Jumamosi. Ronny naye amekwisha omba kwenda, ameshanunua betri mpya, na kanda tupu mbili.